Kijiko Kilichonigeuza Kichwa Chini

Mjukuu wangu Wegesa,

Sijamwambia mtu mwingine hili: nimewafundisha watoto kitu nisichokijua. Najua utacheka, maana unaniita bibi kwa sababu tu babu yako ni kaka yangu mkubwa, na mimi nimemaliza kidato cha nne juzi. Huku Nyasho hatujambo. Mama anawasalimu wote wa Guta.

Uliuliza kwa nini kijiko kinakuonyesha kichwa chini. Sijui vizuri. Nilipoombwa kusaidia darasa la sita hapa jirani, nilisema kioo mbinuko, kile cha pikipiki, hukuza vitu. Bhoke akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye cha baba lori linaonekanaga dogo, liko mbali. Ukigeuka, kumbe limekufikia!"

Niliogopa, nikamwambia akae. Wenzake wakamzomea, "Dereva! Dereva!" Hakunyoosha mkono tena, na siku hiyohiyo shule ikafungwa kwa likizo.

Nyumbani nikachukua kijiko. Mgongo wake ukanionyesha mdogo, kama Bhoke alivyosema. Upande wa ndani nikawa kichwa chini, lakini nilipokisogeza karibu kabisa, jicho likasimama wima, tena kubwa. Nimechanganyikiwa kuliko wewe. Ila mtoto alisema kweli, nami nikamnyamazisha.

Wakifungua nitaenda na vijiko vyote vya mama. Nitamwomba Bhoke afundishe, nami nikae kwenye dawati lake. Mpaka siku hiyo usimwambie baba yako, wala mtu yeyote. Nataka Bhoke awe wa kwanza kusikia darasani kwamba nilikosea.

Bibi yako,
Nyangeta