Mabati ya Chumba cha Mama

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Paka kazaa tena, na fundi wa mlango bado anakuja kesho. Mimi juzi nilikwenda hospitali kuingizwa kamera tumboni kupitia kooni.

Muuguzi alinivisha vidude vya kusikilizia masikioni. "Dada, lala ubavu. Fuata pumzi yako tu. Kuna mwenzetu amerekodi maneno ya kutuliza wagonjwa. Wengine hulala kabisa."

Sauti ilipoanza nikaijua, ni yako. Nilijivuna kidogo. Kisha ukasema: "Siku za mwisho za mama yangu nilimshika mkono, tukavuta pumzi pamoja tukihesabu mabati ya paa. Hesabu nami, moja hadi kumi na mbili."

Muuguzi akatazama mashine. "Dada, mbona presha inapanda? Wenzako hapa ndipo inapowashuka."

Hayo nilikusimulia mimi, kwa simu, nikilia. Wewe ulisema kazini wamekunyima ruhusa. Nilikuamini, na wajomba walipokusema nilikutetea mpaka sauti ikanikauka.

Nikavivua vile vidude. Kamera ilipoingia nilifumba macho, nikapumua polepole na kuhesabu mwenyewe, mkono wa mama ukiwa ndani ya wangu. Presha ikashuka.

Hiyo rekodi irekebishe, wagonjwa wasidanganywe. Mabati yalikuwa kumi na saba. Ungekuwepo ungejua.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwepo.