Wamuyu Arudishwe Mezani

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mteja wa viazi vya Timau amechagua maneno ya tangazo ya Wamuyu. Tena! Sisi tumekaa ofisini hapa Kinoru, Meru, mwezi mzima, tunagongana viwiko kwenye meza moja, tunakunywa chai ya ofisi na kutupiana mawazo. Yeye yuko kwao Kianjokoma, Embu, na mtoto mgongoni. Anatuma sentensi moja kwa simu — na hiyo ndiyo inashinda.

Nimemwambia bosi, Mbaabu, kwamba wazo halizaliwi mtu akiwa peke yake jikoni. Huyo anabahatisha tu. Mbaabu akasema anatafuta naibu, na naibu ndiye ataamua nani akae wapi.

Naibu. Hilo neno nimelirudia njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi, 4 Septemba

Wamuyu amenipigia tupige stori. Mjinga huyu ananipenda. Eti maneno humjia akichuna majani chai ya mama mkwe wake, Jumanne na Ijumaa, siku ambazo lori la kiwanda hupita. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinafunguka. Nikamwambia vizuri sana, Mama Nyaga.

Halafu nikaenda kwa Mbaabu kuomba mkutano wa video. Jumanne, asubuhi, kila mtu awashe kamera.

Jumanne, 9 Septemba

Ha! Ametokea kwenye skrini na kikapu mgongoni, gambuti miguuni, jasho, majani chai nyuma yake mpaka mlimani. Celina, mchoraji wetu, akaziba mdomo asicheke. Mbaabu akamuuliza anafanya nini saa za kazi.

"Niko kazi, bosi. Hapa ndio nafikiriaga."

"Mimi silipi mtu wa kuchuna majani."

Ningeweza kumtetea. Nikakuza picha yake kwenye skrini, na ilikuwa tamu. Ameambiwa awe Meru Jumatatu au aache kazi, na kwao yeye peke yake ndiye ana mshahara. Mtoto ana miezi saba, bado ananyonya. Mtoto wake, si wangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja. Amepanga chumba Makutano, hapa mjini, mtoto amebaki kwa bibi yake. Nimemkalisha mbele yangu nimwone vizuri.

Kazi ni tangazo la maziwa ya ngamia. Mohamednoor, mfanyabiashara wa mjini Maua, anataka kuwauzia Wameru, watu ambao wakiona ngamia wanatoa simu wapige picha. Wamuyu hakutoa neno kutwa nzima. Baada ya chakula blauzi yake ikalowa maziwa kifuani. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya wanaume, kwamba mteja anataka ya ngamia.

Walicheka. Mbaabu pia. Wamuyu akafunga sweta, akabaki amekaa. Nilidhani nikifika nyumbani nitajisikia vibaya. Nimekula, nimeshiba.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika hapa hapa mezani. Wanadhani ni kumbukumbu za mkutano.

Mohamednoor amekuja mwenyewe. Mbaabu ameshasema: leo meza hii ikitoa neno, mimi ni naibu na wote tutafanya kazi ofisini. Isipotoa, anarudisha ofisi kwa mwenye nyumba na kila mtu afanyie kwao. Simu zote ziko kwenye bakuli kando yangu — sheria yangu mpya, ili vichwa vikae chumbani.

Mpaka sasa ni upuuzi. Celina amechora ngamia na miwani ya jua. Mimi nimesema "Ladha ya jangwa". Mohamednoor akauliza kwa upole ni nani anayetaka kunywa jangwa.

Simu inatetemeka kwenye bakuli. Ni ya Wamuyu. Imeandika Cucu wa Nyaga, yaani bibi yake mtoto — mama mkwe. Huyo mzee hapigi simu, huflashi tu, mlio mmoja, apigiwe. Lakini hii inaita mpaka inakatika. Inaanza tena. Wamuyu leo yuko mwisho wa pili wa meza, haisikii. Vidole vyake viko kwenye ukingo wa sweta, vinanyofoa nyuzi haraka haraka, kama yuko shambani. Nimeviona mimi tu.

Ameinua kichwa!

"Mvua ikikataa, ngamia hakatai."

Mohamednoor ameweka kikombe chini. Anamwomba arudie. Anasema mwaka ule wa ukame ng'ombe wa Wameru walikufa na ngamia wake yeye wakaendelea kukamuliwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwekea jambo hilo kwa maneno. Mbaabu hamtazami Wamuyu. Ananitazama mimi, anatabasamu, anagonga meza kwa kidole. Meza imetoa neno.

Simu imetulia. Sasa ujumbe. Naona mwanzo wake tu: Mama Nyaga rudi mbio, mtoto

Nimeilaza kifudifudi.

Mohamednoor anataka mengine kama hilo, ya redio. Wamuyu anaongea, vizuri kabisa, hata anacheka kidogo. Nitampa simu akimaliza. Akitoka sasa ataondoka na maneno yote. Mbaabu anamwambia aendelee, asiharakishe.

Inaita tena.