Mchezo Wetu Umepelekwa Jumatano

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba unijibu kabla mwezi huu haujaisha, maana jambo langu lina tarehe yake na ikipita imepita. Mimi ni mama mwenye hoteli ya chai hapa Arusha, jirani na soko, hoteli niliyoianza kwa sufuria moja na mafiga matatu kando ya barabara, na leo ina bati na mabenchi na redio kubwa ya betri juu ya kabati, wala hakuna aliyenisaidia hata msumari, kwa hiyo usisome malalamiko haya ukadhani ni mazoea yangu. Mimi nimezoea kujumlisha na kutoa.

Mume wangu ni Bwana Aristides, dereva wa lori kwenye shamba la kahawa la Mzungu huko Nduruma, mtu mpole, hapigi, halewi. Sote wawili tumetoka Kilimanjaro, ni Wakatoliki, na ndoa yetu ni ya kanisani. Mwaka jana baba yake alimgawia kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, akataka twende tukakae huko, mimi nikasema haiwezekani kwa sababu hoteli haibebeki kichwani kama mkungu wa ndizi, basi, yakaisha. Tangu hapo amekuwa mtu wa maneno machache. Anaaga akitoka, anasalimu akirudi, anaomba chumvi. Nikimwuliza jambo anasema, "Sawa, Mama Anande," na hiyo sawa yake haina kitu ndani.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi saa moja na nusu jioni stesheni ya redio ilikuwa ikitoa mchezo uitwao "Duka la Mkwe", labda nawe uliusikiliza, wa kijana Sefu anayeuza dukani kwa mama mkwe wake, Bi Mwamvua, bibi mkali mwenye funguo kiunoni, na Sefu hajui kama abaki hapo ale vizuri na kutukanwa, au aondoke akaanze kwake na njaa. Saa hiyo hoteli yangu hujaa, mabenchi sita, watu watano kila benchi wakibanana, bila kuwahesabu wale wanaosimama dirishani na kusikiliza bila kununua hata kikombe. Aristides naye huja akakaa karibu kabisa na redio, na mchezo ukiisha na watu wakatoka tunaosha vyombo pamoja na tunabishana.

"Sefu ataondoka," husema. "Mwanamume hawezi kuomba ruhusa ya kufungua mlango."

"Aende wapi? Duka ndilo linalomlisha."

"Mtu hali duka, Mama Anande."

"Hali duka, lakini sukari yake anakula!"

Basi anacheka. Mshauri, mume wangu anacheka kwa sauti mpaka jirani anauliza kuna nini. Jumamosi moja aliniambia kwamba Sefu hatafuti utajiri, anatafuta mahali ambapo akikohoa anakohoa kwake, na mimi nikamwambia tutaona Jumamosi ijayo.

Jumamosi ijayo haikuja. Mtangazaji alisema mchezo umehamishiwa Jumatano saa kumi alasiri, eti ili wasikilizaji wengi zaidi wapate nafasi. Nauliza, wengi wa wapi? Jumatano saa kumi Aristides yuko barabarani na magunia, huu ni msimu wa kahawa, wachumaji wako shambani, akina mama wako sokoni, makarani ndiyo kwanza wanatafuta kofia zao watoke ofisini. Hata mimi mwenye redio nasikia nusu, nusu nyingine inamezwa na mafuta ya maandazi. Na ile saa yetu ya Jumamosi wameupa mchezo wa kuchekesha wa bwana mmoja wa mjini anayewakimbia wanaomdai na kutumbukia kwenye pipa, kila wiki pipa. Aristides aliusikiliza mara ya kwanza, pipa lilipolia akasimama, akaenda zake kijijini Maji ya Chai kwa binamu yake, na sasa ndiko anakoshinda Jumamosi zote, akirudi nimeshafunga.

Halafu juzi stesheni ikatangaza kwamba michezo itakayoendelea mwaka ujao itachaguliwa kwa barua za wasikilizaji, mwisho wa kuzipokea ni mwisho wa mwezi huu, na kwamba "Duka la Mkwe" limepata barua chache mno, na kutoka Arusha nzima imefika barua moja tu. Moja! Hoteli yote ilipiga kelele. Barua hiyo moja ni yetu sisi, ni ya watu thelathini. Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa kikao kama watu wazima, maana kwetu si adabu kila mtu apayuke kivyake juu ya jambo ambalo wote mmeafikiana, tukamchagua Mzee Lengai awe msemaji, akatamka maneno, Shomari fundi cherehani mwenye mwandiko mzuri akayaandika, na wote tukatia sahihi au dole gumba, bahasha moja, stempu moja. Kumbe kule wanahesabu bahasha! Mtu wa mjini akituma kadi tatu ni watu watatu, na sisi thelathini ni mtu mmoja. Hesabu gani hii? Mtoto wa darasa la kwanza akiileta hesabu hiyo anachapwa. Wameupeleka mchezo mahali usikosikika, kisha wanauliza mbona hausikilizwi.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Jana Shomari alikuja hotelini na tabasamu lake lile.

"Shikamoo, Mama Anande. Barua unazitaka ngapi?"

"Marahaba. Barua za nani?"

"Za watu. Nitakupa za Engutoto, nitakupa za Nduruma, nitakupa za Maji ya Chai. Wino wa bluu, wino mweusi, nyingine penseli. Nyingine nitaandika kwa mkono wa kushoto, waonekane hawakupita shule."

"Na majina utayatoa wapi?"

"Majina ni bure, mama! Kina Lerionka, kina Eliamini, kina Sinyati. Mtu asiyekuwepo hawezi kuja kukataa."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona kabisa kwamba inawezekana. Anasema arobaini zitatosha. Mimi sijawahi kuongeza maji kwenye maziwa ya chai yangu tangu nianze biashara, na Aristides ni mtu anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi, akijua nimetunga watu nadhani hata ile sawa yake nitaikosa. Lakini mchezo huu ukifutwa Sefu hajaamua, sijui tena mimi na mume wangu tutazungumza habari gani, maana nimejaribu habari za bei ya unga, nimejaribu habari za mvua, nimejaribu habari za mtoto wetu Anande aliyeko shule ya bweni, zote zinaishia kwenye sawa. Stesheni ndiyo iliyotudhulumu kwanza. Je, nimruhusu Shomari aandike, au nisimruhusu?

Ni mimi,
Kandida, Mama Anande
Arusha, Septemba 1958


Bi Mwanahalima anajibu:

Mama Anande, pole kwa mchezo. Mmeonewa, na hesabu yako nimeipitia tena nisione kosa.

Nilimwendea mtu wa stesheni ninayemfahamu, nikamwuliza wanachaguaje. Ana chumba chenye magunia, kila mchezo na gunia lake, na muhula ukiisha karani huhesabu bahasha. Jumamosi jioni ndiyo saa inayogombewa, hupewa mchezo wenye gunia zito. Wenye gunia jepesi hupelekwa alasiri, na ukishafika alasiri gunia lake huzidi kuwa jepesi. Nikamwambia hiyo ni sawa na kumnyima ng'ombe majani kisha kumgombeza kwa maziwa. Akaniambia, "Bibi, Jumamosi jioni ni moja kwa wiki na michezo ninayo tisa. Niambie wewe, niifukuze ipi?" Kwa hiyo usifikiri wanakaa kule wakiwachukia watu wa Arusha. Hawawaoni tu. Mliingia watu thelathini kwenye bahasha moja kwa heshima zenu, na karani hajui heshima zenu, anajua bahasha.

Lakini Shomari mwambie akashone suruali. Wewe mwenyewe umekwisha kujua jibu, ndiyo maana uliacha kucheka. Barua arobaini zikitoka posta moja kwa mkupuo, zitafunguliwa tu, na karani akiukuta mkono mmoja kwenye barua tatu atazitupa zote, pamoja na ile ya kweli yenye madole ya watu. Utakuwa umemtupa Mzee Lengai aliye hai kwa ajili ya Sinyati asiyezaliwa. Na kwa nini utunge watu, wewe mwenye mabenchi yaliyojaa watu? Anayekopa chumvi huku gunia lake limejaa anatafuta aibu.

Fanya hivi. Kila aliyeupenda mchezo aandike barua yake, katika bahasha yake, kwa jina lake na mahali anapokaa. Asiyejua kuandika, Shomari amwandikie maneno yake mwenyewe, si ya Shomari, na chini aseme wazi kwamba yeye ni mwandishi tu kwa niaba ya fulani; hiyo ni kazi ya halali na mtu haoni haya kuiwekea jina lake. Kila mmoja ataje kwamba redio anayoisikiliza imezungukwa na watu wangapi. Msitukane mchezo wa pipa, una wenyewe wanaoupenda. Wala msiombe Jumamosi, hiyo imekwenda. Ombeni Jumapili alasiri, watu wametoka ibadani na malori yamelala. Mtu wangu amekiri kwamba saa hiyo hupiga santuri zilezile kwa kukosa cha kuweka, na mwenye pengo humshukuru anayemletea cha kuzibia. Wale wasikilizaji wako wa dirishani ndio waandike wa kwanza. Chai hawanunui, basi angalau stempu.

Mkifanya hivyo mchezo huenda ukabaki. Huenda usibaki. Sikuahidi, kwa kuwa mimi si stesheni, na hata ukibaki, Sefu siku moja ataamua na mchezo utakwisha, na wewe na mumeo mtakuwa bado mnaishi nyumba moja.

Hapo ndipo ninapogombana nawe. Habari za redio umeniandikia kurasa nzima. Habari za kihamba umeniandikia sentensi moja, ukaifunga kwa "basi, yakaisha". Yaliisha kwa nani? Kwako. Mwenzako aliyapakia kwenye lori, anakwenda nayo Nduruma na kurudi nayo. Alipokuambia Sefu anatafuta mahali pa kukohoa kwake, ulidhani anazungumza habari za Sefu? Na wewe ukamjibu habari za Jumamosi ijayo! Mama, kwa muda wote huo umekuwa ukimjibu mumeo kwa mdomo wa Bi Mwamvua, na yeye akavumilia kwa sababu angalau mlikuwa mnazungumza.

Sisemi uhame. Hoteli umeijenga kwa mikono yako, na atakayekuambia uitupe kama ganda la ndizi mlete kwangu. Lakini Aristides hajakuambia uitupe, au kama alikuambia hukuniandikia. Nilichosoma ni kwamba alitaka, ukakataa, akanyamaza. Wako wenye vihamba wanaokwenda kuvuna na kurudi. Wako waliomweka ndugu atunze migomba, wao wakajenga chumba kimoja cha kufikia, na chumba hicho kimewatosha. Kati ya kuhama na kukataa kuna nafasi kubwa, na mtu mwenye kichwa cha hesabu kama chako hashindwi kuugawa mwaka.

Barua za mchezo zipelekeni posta wiki hii hii. Kisha Jumamosi, kabla Aristides hajashika njia ya Maji ya Chai, zima redio, hata kama hoteli imejaa na watu wananung'unika. Mwite kando. Mwulize juu ya kihamba cha baba yake, kwa jina lake yeye, si kwa jina la Sefu: anataka nini huko, na wewe anakuona umesimama wapi ndani yake. Ukishauliza, nyamaza mpaka amalize. Hapo kwenye kunyamaza ndipo patakapokuwa pagumu, najua, kwa sababu barua yako nimeisoma mpaka mwisho.