Pikipiki Nyekundu ya Kibet

Jumanne, Boito. Mvua bado.

Tena ya rangi nyekundu! Kibet wangu, aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, amechagua pikipiki kubwa ya mbio, na hajawahi kuendesha hata boda ya jirani.

Nilimwambia achukue ndogo, ya kupeleka majani chai kituoni. Akacheka. "Hiyo ni ya wazee, baba."

Nikamkumbusha ile kona ya darajani, vile hujaa matope.

"Hiyo kona naijua."

Mdogo wangu alisema maneno hayo hayo, kwa mlango huu huu, akawasha yake nyekundu. Jioni walimrudisha kwa blanketi.

Mwanangu alipozaliwa, mama yangu aliingia ndani kumwitia majina ya watu wetu waliokufa, vile sisi Wakipsigis hufanya, mtoto apige chafya tujue ni nani amerudi. Nilingoja nje. Akaita babu, akaita wengine, kimya. Akaita Kibet, jina la huyo mdogo wangu, nikasikia chafya. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ndugu yangu amerudi!

Sasa naogopa kuuliza amerudi kufanya nini.

Angalau amekubali kungoja bonasi ya majani chai ndipo tununue. Lakini bonasi ni mwezi ujao, na...

Baada ya chakula alisinzia kwa kiti. Nikainama karibu na sikio lake, nikaita polepole majina ya wazee wetu wote waliofia kitandani kwa uzee, mmoja mmoja.

Hakupiga chafya.