Mtaro Ulio Juu ya Gredi ya Pili

Kwamboka,

Ungekuwepo ungeshanitukana kufikia sasa, na ningefurahi. Tangu tukuzike kule kwenu, nyuma ya migomba, sijapata mtu wa kuniambia ukweli bila kunionea haya. Kwa hiyo naandika. Leo ni Jumapili, saa tisa mchana, na mvua imeanza kuonekana upande wa vilima vya Manga.

Nianze na habari nzuri, kwa sababu ni chache. Vijana wetu wa kujitolea hawakutawanyika. Uliogopa kwamba ukiondoka watarudi kupiga domo stejini Kebirigo, lakini kila Jumapili asubuhi wanakuja shuleni na majembe yao bila kudai hata chai. Walinichagua mimi niwaongoze badala yako. Nilikataa kwa mdomo tu. Moyoni nilitaka sana, na wewe unanijua.

Sasa mtaro. Unakumbuka tulivyouchimba ule wa juu kabisa wa shamba la shule, tukitupa udongo upande wa mlimani hadi viganja vikatoka malengelenge. Ulitukataza jambo moja tu: mdomo wake, pale unapogeukia mtoni, usizibwe kamwe. "Maji yapumzike, yasilale," ulikuwa ukisema, nami nilikuigiza nyuma ya mgongo wako, vijana wakicheka.

Ulipofariki, jua likawaka. Mboga zetu, managu na chinsaga, zikaanza kunyauka, watoto wakawa wanamwagilia kwa mikebe, nami nikaona aibu shamba life mikononi mwangu. Ikanyesha mvua moja ya kupita, nikatazama maji yote yakienda zake mtoni. Nikawaambia vijana tuuzibe mdomo kwa magunia ya udongo. Ombati akasema Kwamboka alikataza. Nikamjibu kwamba Kwamboka hayupo. Nilisema hivyo, rafiki yangu, na wewe ulikuwa hujamaliza hata miezi miwili kaburini.

Mboga zilinawiri. Wageni walikuja kutoka Nyamira wakapiga picha, wakasema shamba limependeza kuliko zamani, na sikuwarekebisha. Masika yalipoanza nikajiambia nitazibua wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wageni wengine. Maji yakalala mtaroni siku baada ya siku, yakizama udongoni, na unajua kilichoko mteremkoni, chini ya lile shamba. Ni darasa la Gredi ya Pili.

Ufa niliuona Jumapili tatu zilizopita, chini kidogo ya mtaro, umekata shamba kutoka ukingo hadi ukingo. Siku hiyo uliingia kidole. Jumapili iliyofuata uliingia kiganja. Leo asubuhi nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikahisi baridi, na sikugusa chini. Magunia niliyaondoa mimi mwenyewe, peke yangu, siku ile ile nilipouona, lakini maji yaliyokwisha kuingia ardhini sijui nitayatoaje. Chemchemi ya nyuma ya darasa inatoa maji ya rangi ya chai. Mlango wa Gredi ya Pili haufungi tena. Mwalimu wao anasema mbao zimevimba, na watoto wanauegemezea jiwe.

Jumatatu ile, kesho yake ya kuuona ufa, mwalimu mkuu aliniita. Ni mtu mwema, hapendi kelele. Akaniuliza swali moja tu: "Moraa, huo mtaro uko wazi vile Kwamboka aliacha?" Nikasema ndiyo, mwalimu, uko wazi. Kweli ulikuwa wazi, tangu jana yake. Akashusha pumzi, akasema basi huo ufa ni wa mvua ya juu juu tu, tujaze ufa changarawe, watoto waendelee pale pale kwa sababu darasa lingine hakuna. Aliniamini kwa sababu mimi ni rafiki yako.

Tumejaza changarawe mara mbili. Inazama.

Nimelizunguka jambo lenyewe vya kutosha. Mtoto wako Nyanchama yuko Gredi ya Pili. Anakaa dawati la nyuma, ukutani kabisa, upande wa shamba. Alilichagua mwenyewe kwa sababu kutoka dirishani anaiona ile michungwa uliyoipanda. Ijumaa alinishika sketi akaniambia, "Anti Moraa, ukuta wetu unasema ta, ta." Nikamwambia ni panya. Panya, Kwamboka. Nikamfunga kamba za viatu, nikaenda nyumbani, nikashindwa kula.

Hospitalini ulinishika mkono ukaniomba nimwangalie mtoto. Shamba hukulitaja hata mara moja. Mimi nikalinda shamba.

Naogopa, sikufichi. Nikisema ukweli watatufukuza shuleni, vijana watanicheka, na kile kibao chenye jina lako pale kwenye ua kitang'olewa. Basi king'olewe. Nilipanga kesho kabla ya kengele nisimame mbele ya walimu niseme nilichofanya, na nilichodanganya, ili watoto wahamishiwe kanisani.

Lakini nimesoma tena nilichoandika, nikaona nimeandika kesho. Ndivyo nilivyosema kuhusu magunia. Tone la kwanza limegonga bati sasa hivi. Mwalimu mkuu anakaa ng'ambo ya mto, ni mwendo wa nusu saa, na nikitoka sasa nitamfikia kabla mvua haijakolea. Akisema tungoje mtu wa ofisi ya elimu aje kukagua, asubuhi nitakaa kwenye kizingiti cha ule mlango usiofunga, na hakuna mtoto atakayenipita.

Nakuacha hapa, rafiki yangu. Nakukumbuka kila ninaposhika jembe. Najua huko uko peke yako, na najua ungependa kumwona mwanao. Nisamehe kwa mengine yote, lakini hili nakuahidi: Nyanchama simleti. Huyo utamngoja mpaka azeeke.

Moraa