Gari Inayosubiri Salamu Iishe

Kamembe, Rusizi
Jumamosi asubuhi

Maman wangu mpenzi,

Somo wako amenijia sasa hivi hapa jikoni, mashavu yamevimba kama mtu anayepuliza moto, macho yanacheka. Nikamwambia, "Hadija, fungua mdomo." Akatikisa kichwa. Nikamziba pua kidogo, akafungua, nikakuta herufi. Ndiyo, herufi, ya plastiki inayong'aa kama fedha, imebanduliwa nyuma ya gari ya baba yake. Nyingine anazo mkononi, na moja sijui iko wapi, naomba Mungu isiwe tumboni. Papa Hadija yuko nje anajaza upepo kwenye magurudumu, hajaona bado. Nimezificha kwenye kopo la chumvi, nikachukua kalamu.

Salamu, Maman. Mgongo unaendeleaje? Na lile goti lako linalojua mvua kabla ya redio, bado linasema kweli? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Aliye tumboni ananipiga teke kila nikikaa, nikisimama ananyamaza, kwa hiyo nakuandikia nimesimama kwenye meza ya jikoni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Asha mdogo wangu, wewe unayemsomea Maman, soma polepole na usiruke mahali. Pakiwa pa kucheka, mngoje acheke kwanza ndiyo uendelee.

Utasema kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Maman, ukisikia neno "njoo" unasema mtandao umekatika. Karatasi haikatiki.

Unakumbuka Hadija alipozaliwa. Ulitoka Rwamagana na kikapu ili uje unikande, unifunge tumbo, unilee arobaini yangu kama bibi alivyokulea wewe. Najua lile basi lilivyokimbia. Ulipofika Muhanga ulishatapika mpaka hakuna cha kutapika, na Nyamagabe ukashuka, kabla hata ya msitu wa Nyungwe na kona zake. Ukamkabidhi dereva kikapu, ukarudi. Papa Hadija alikuwa anangoja kwenye gare, kituo cha mabasi cha Kamembe. Mimi kitandani nikasikia mlango, nikajifuta uso haraka usije ukanikuta nalia. Akaingia na kikapu begani. Nikatazama nyuma yake. Akasema, "Ni hiki tu."

Kikapuni mlikuwa na unga wa mtama, pilipili manga, samli, na kitenge chako cha bluu umevifungia ndani. Kile kitenge nilikataa kukifua mpaka harufu yako ilipoondoka yenyewe. Sikulaumu, Maman, mwili ni mwili. Aliyenikanda ni Mama Shakuru, jirani yetu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la huku. Ana mikono migumu na mdomo mgumu zaidi. Maji yake yalikuwa moto mpaka nikaita jina lako. Akaniambia, "Lia tu, mutoto. Mama yako iko mbali, lakini mayi ni ileile." Huku ndivyo wanavyosema, batoto, bantu, mayi. Na mimi nimeanza, siku moja utanisikia utacheka.

Sasa nikueleze habari ya gari.

Papa Hadija ameuza ile pikipiki ya abiria, umotari ameuacha. Unaijua, ndiyo aliyokuja nayo kuniposa, ukasema huyu kijana breki zake ziko wapi. Alitaka sasa gari ya kubeba watu na mizigo yao, kutoka huku juu Kamembe kushuka Cyangugu ziwani, na mpaka wa Rusizi ya pili kule wanakovuka kwenda Bukavu. Komisiyoneri mmoja, dalali wa magari, akatupeleka kuona gari mbili zimesimama ubavu kwa ubavu. Mapacha, Maman. Rangi moja ya majivu, taa zilezile, viti vilevile. Tofauti ni kwamba moja nyuma imeandikwa TURBO na nyingine haikuandikwa kitu.

Yule komisiyoneri akapiga ile ya TURBO kofi la mapenzi kama ng'ombe wake. "Mama, hii ikikuta mulima, ni mulima njo unaogopa."

"Na ile nyingine?"

"Ile? Ile ni ya bazee. Itafika, lakini haina haraka ya kufika."

Papa Hadija akacheka naye. Mimi sikucheka. Niliposikia hivyo nilimkumbuka Papa, Mungu amrehemu, na gari yake.

Unaiona, Maman? Mimi naiona mpaka lile tundu la sakafuni ulilozibia na kipande cha ndoo, mimi na Asha tulikuwa tunakisogeza kwa mguu ili tuone barabara inavyopita. Mlimani baiskeli za maziwa zilikuwa zinatupita. Vijana wa sokoni walikuwa wanamuuliza Papa, "Mzee, hiyo gari inaenda au inafikiri?" Naye anawajibu, "Inafikiri nyinyi mtafika wapi na haraka hiyo." Na wewe umekaa mbele, kiwiko dirishani, unasalimia nyumba moja baada ya nyingine. "Assalam aleikum, Mama Zuhura!" "Waaleikum salaam!" "Watoto?" "Wapo!" "Na mguu?" "Unapona, dada!" "Ukande na mafuta ya moto!" "Nitakanda!" Yote hayo, Maman, na bado hatujamaliza ua wa Mama Zuhura. Ukiona salamu haijaisha unamgusa Papa begani, unasema, "Punguza." Alikuwa hana cha kupunguza, lakini anapunguza.

Na sikumbuki hata siku moja umetapika kwenye gari ile. Hata siku moja. Hilo nililiwaza pale pale, mbele ya komisiyoneri, mkono wangu uko juu ya tumbo.

Tukaijaribu kwanza ile ya TURBO, Papa Hadija kwenye usukani, mimi nyuma na mtoto. Tukashuka ziwani, tukageuza kupanda. Maman, ilituchota. Mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti, mtoto akashika shingo yangu kwa mikono miwili. Papa Hadija anapiga kelele za furaha kama mtoto aliyepewa jogoo. Pale juu kwenye kona nikamwona Mama Shakuru na beseni lake kichwani, kasimama kando. Akainua mkono. Nami nikainua wangu, nikafungua mdomo, "Assala..." na alishakuwa mdogo nyuma kule, beseni tu linaonekana.

Jioni hakuja kuchukua moto wa mkaa kwangu kama kawaida yake. Kesho yake nikaenda mimi. Alikuwa anachambua sambaza zake, hakuinua kichwa.

"Hodi, Mama Shakuru."

"Aa! Bantu ba turbo! Karibuni, lakini minaogopa mutapita tena mbele sijasema karibu."

"Mama Shakuru, nilikuona, nilitaka kukusalimia, gari ndiyo..."

"Gari hamuyanunua bado, na tayari hamutuone. Siku mutanunua, si tutaandika barua?" Akatupa samaki kwenye beseni. "Miye nilikukanda kwa hii mikono. Nikaikunja salamu yangu, nikarudi nayo nyumbani."

Nilirudi nimeinama. Na mtaani, unajua midomo, nikawa ninaitwa Mama Turbo. Mtoto wa dukani ananiuliza, "Mama Turbo, sukari?" Lakini kicheko chao si kitu. Kilichoniuma ni kwamba mimba yangu imekua, na wewe huwezi kupita Nyungwe, na huyu mmoja aliyekuwa mikono yako huku amenigeuzia mgongo. Nitakandwa na nani, Maman?

Hapo nikamwambia Papa Hadija, "Tuchukue ile isiyoandikwa kitu."

Akaruka. "Mama Hadija! Nimekuwa motari miaka yote hii. Wale wenzangu watanipita mlimani kisha watanipa pole!"

"Wakupe. Pole haivunji mtu."

"Abiria wanataka kufika."

"Na Sofia je?" Sofia, Maman, ndiyo jina watu walilolipa kamera ya polisi inayokamata wenye mwendo. "Wewe na turbo na Sofia mtaishi nyumba moja?"

"Nitaendesha taratibu. Wewe ukipanda, nitaendesha kama nimebeba mayai."

Nikamwambia, mume wangu, wewe nakujua. Ukipewa kisu kikali utatafuta cha kukata. Mguu wako moyo hauusikilizi. Mimi nataka gari ambayo hata ukisahau, yenyewe haitasahau. Nataka gari ya kumpitisha Maman Nyungwe.

Hakuwa amefikiri kwamba ni hilo. Akasema, "Basi tuijaribu. Kujaribu si kununua."

Tukaijaribu. Nikamwomba apite kwa Mama Shakuru. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kona, beseni mbele yake, wateja hakuna. Alipotuona akageuka akatazama ziwa. Gari ikawa inapanda inaguna, hm, hm, hm, kama mzee anayeinuka kitini. Nikasema, "Assalam aleikum, Mama Shakuru!" Kimya. Nikatazama, bado tuko mbele yake. Nikarudia. Kimya, na bado tuko mbele yake! Mtoto naye akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Shikamoo, Bibi!" Salamu ya mtoto nani atainyima jibu? Nikaona bega linaanza kumtikisika.

"Marahaba, kajukuu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, ile nyumba yako iko salama?"

"Salama, Mama Shakuru."

"Na tumbo?"

"Linapiga teke."

"Na hii motokari inaenda ao imeungwa na kamba?" Papa Hadija akafunika uso. "Simama nipande. Minataka kuona kama kweli iko na adabu."

Akapanda mbele na beseni lake mapajani. Mwanamke huyu, Maman, hata mashua ya kuvuka kwenda visiwani humrudisha mgonjwa, amenieleza mwenyewe. Tukashuka mpaka Cyangugu, tukarudi kwa kona zote. Kila anayemjua alimsalimia mpaka mwisho wa salamu, na anawajua wote. Aliposhuka hakushika tumbo wala kichwa. Aligonga bati la gari mara moja kama anavyogonga mgongo wangu akimaliza kunikanda. "Hii iko na adabu," akasema. "Inangojea muntu amalize."

Njiani kurudi kwa komisiyoneri Papa Hadija akacheka peke yake, akasema, "Haya, tununue adabu."

Ndiyo tuliyonunua, Maman. Wale motari humpita mlimani kweli, na pole humpa kweli. Lakini wanawake wenye mimba wakitaka kwenda kliniki wanamtafuta yeye, na wazee, na juzi bwana harusi amekuja kuiomba ya kumbebea bibi harusi, anataka wenye ngoma waweze kutembea pembeni. Papa Hadija anajifanya amekasirika. Kisha wiki iliyopita akarudi na zile herufi za kung'aa, kanunua kwa vijana wa gare, akazibandika nyuma mwenyewe, kwa utaratibu, akarudi hatua akazitazama. TURBO. Gari yetu hiyohiyo inayoguna! Nikarudi jikoni. Mwanamume mwachie kitu chake. Na leo somo wako amezibandua. Sijui ni jina lenu hilo mlilopewa, au vipi.

Sasa sikia, Maman, na wewe Asha soma hapa kwa sauti. Mwenye kukupa barua hii ni Papa Hadija mwenyewe. Amesimama mlangoni kwako, na gari iko nje. Nenda uitazame kwanza. Izunguke, ipige kofi, mwambie aiwashe uisikilize inavyoguna. Halafu ukae mbele, mahali pako, kiwiko dirishani. Mtalala Huye kwa dada yake, msitu mtaupita mchana. Ukitaka asimame, sema "Punguza" tu, ameapa mbele ya Mama Shakuru. Na mkifika Nyungwe ambako hakuna nyumba, utakuta nyani wamekaa kando ya barabara. Wasalimie hao. Gari itasubiri.

Mama Shakuru anasema safari hii maji atachemsha yeye, lakini mkono wa kukanda ni wako, yeye atakaa akutazame akukosoe. Jiandae, nyinyi wawili mtanimaliza.

Nisalimie mjomba fundi viatu, mwambie vile vya harusi bado ninavyo. Msalimie shangazi wa mandazi, mwalimu wangu wa madrasa aliyenifundisha kushika kalamu hii ndogo ninayoishika, na Mama Zuhura, umuulize mguu kwa niaba yangu, tena usikate njiani. Asha nakubusu. Wewe Maman nakushika miguu.

Ni mimi mwanao, Mama wa somo wako,
Mwajuma

Nimefungua tena bahasha. Papa Hadija ameshaona nyuma ya gari, anauliza nani, nani, na somo wako amejificha kwenye kanga yangu. Anapiga honi, anaita, "Mama Hadija, barua! Jua linapanda!" Nakuja, nakuja. Maman, kikapu chako nimekiweka kiti cha nyuma, kina sambaza kidogo na kile kitenge cha bluu. Kwa hiyo nakuomba, safari hii kisije kikarudi peke yake.