Mguu wa Kushoto wa Mchungaji

Eastleigh, Nairobi
3 Machi 1996

Kwa Abti Kerrow,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Goti lako linaendeleaje? Na Garissa je, mto umeshuka au bado mnagombana na mamba? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila macho yananiuma, na ndiyo sababu nakuandikia. Naandika Kiswahili kwa kuwa Kisomali sisi wawili tunakisema tu, shule zetu hazikutufundisha kukiandika.

Abti, pale chuoni natengeneza mchezo wa kompyuta. Mchungaji anatembea kutoka Tarbaj hadi Buna akitafuta ngamia aliyepotea. Nchi hiyo ni ndefu na kioo cha kompyuta ni kidogo, kwa hiyo nimeandika kamera ya kumfuata. Taabu ni kwamba nimeing'ang'aniza kwake kama kupe. Akiruka jiwe, nchi nzima inaruka. Akigeuka, kila kitu kinageuka kwa kishindo. Rafiki yangu Faiza alicheza dakika tano akatapika.

Wewe umefuata ngamia wa watu maisha yako yote. Niambie, mtu anafuatwaje taratibu, hata asihisi kwamba anafuatwa?

Kosa jingine ni la mkono wangu. Nimemchora vibaya, akitembea mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Faiza anasema unampendeza, basi nimeuacha. Barua hii nampa Mursal wa basi.

Abti yako,
Ugbad


Garissa
19 Machi 1996

Ugbad,

Wa alaykum salaam. Goti linauma, mto umejaa, mamba wameshiba. Sisi wazima.

Barua yako ilifika gundi ikiwa imelambwa mara mbili, kama iliyofunguliwa njiani. Mursal anaapa si yeye. Nimeisoma mara nne. Kamera. Mchungaji wa Tarbaj. Mguu wa kushoto unaoburuta. Afuatwe asihisi. Nani alikaa kando yako ulipoandika haya? Nani amekutuma uniulize mimi, katika watu wote wa Garissa? Usiniambie ni mchezo. Watu wazima hawajengi chuo ili watoto wa watu wakacheze. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na nitajuaje kama ni wewe? Sisi tunaitana abti kwa abti, mjomba na mpwa neno moja, na yeyote anaweza kulitia mwisho wa karatasi. Nitajie ngamia aliyekuuma ulipokuwa na miaka saba, na alikuuma wapi. Usipojibu sawasawa, namwambia mamako akurudishe nyumbani kabla ya Idd, na masomo yaishie hapo.

Abti yako,
Kerrow


Eastleigh, Nairobi
30 Machi 1996

Kwa Abti mwenye shaka,

Assalamu alaykum wewe na goti lako. Ngamia ni Adey, yule mweupe. Aliniuma pale ninapokalia, na wewe ulicheka hadi ukaketi chini. Umeridhika?

Hakuna aliyekaa kando yangu. Kamera yenyewe si ya kweli, haina lenzi wala filamu. Ni mistari kumi na minne ya hesabu inayoiambia kompyuta ichore kipande gani cha nchi. Mchungaji ni vidoti tu. Mwalimu atatupima tarehe kumi Mei. Atakayefaulu anaendelea mwaka wa pili, na mimi nataka kuendelea, wallahi nataka kuliko chochote. Tafadhali usimwambie Hooyo neno. Nifundishe tu.

Na huo mguu wa kushoto umekukosea nini?

Abti yako,
Ugbad


Garissa
14 Aprili 1996

Abti yangu Ugbad,

Assalamu alaykum. Adey amenichekesha peke yangu sokoni, watu wakanitazama. Basi ni wewe. Mamako Maka hajaambiwa kitu, na huyo Mursal nimemwonya hata kama hana kosa.

Sikiliza. Kwanza, usimshikilie unayemfuata. Mwachie uwanja wake. Akizunguka mti, akirudi hatua tatu, wewe tulia. Ondoka pale tu anapotoka kwenye uwanja huo. Pili, ukiwa mbali harakisha, ukikaribia punguza, na kila ukizidi kukaribia zidi kupunguza. Usifike kwa ghafla hata siku moja. Tatu, usiikodolee macho miguu yake. Tazama anakoelekea, macho yako yamtangulie kidogo. Ukifanya hivyo utamfuata siku tatu na hatageuka.

Lakini huo mguu urekebishe. Rage babako alichechemea hivyo hivyo, kushoto, alipokuwa akielekea Buna, na baba wa mtu si kitu cha kuchezea. Mchore mzima.

Abti yako,
Kerrow


Eastleigh, Nairobi
16 Mei 1996

Kwa Abti Kerrow,

Assalamu alaykum. Mimi mzima.

Ulichonifundisha kimefanya kazi. Mchungaji ana uwanja wake katikati ya kioo. Akitoka humo, kila mara kompyuta inapochora upya, kamera inasogea sehemu moja ya kumi ya umbali uliobaki, kwa hiyo inakimbia ikiwa mbali na kupoa ikikaribia. Inatangulia kidogo kule anakoelekea. Inateleza kama samli. Faiza hakutapika, na mimi nimefaulu.

Sasa nina swali. Baba alipotoka Tarbaj mwaka wa tisini kutafuta ngamia, mimi ndiye niliyemsindikiza. Nilimbebea maziwa hadi nje kabisa ya mji. Nilikuwa na miaka kumi na minne na macho yangu mawili, na alikuwa akitembea kwa miguu mizima. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kusema alimwona tena. Wewe ulituambia mwezi ule wote ulikuwa Garissa, umelala na malaria.

Ulimi hauna mfupa, abti, na kalamu pia haina. Nani alikuambia kwamba alichechemea?

Ugbad Rage


Garissa
2 Septemba 1996

Ugbad,

Assalamu alaykum. Uliniuliza Mei na leo ni Septemba. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Hakuna aliyeniambia. Kuchechemea kwake nilikusoma ardhini.

Walikuja watu wenye gari. Walisema wanataka kumuuliza Rage maneno mawili tu, juu ya wageni waliolala kwake. Kazi yangu waliijua. Sitajipamba, niliogopa, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko mapenzi yangu kwa shemeji yangu. Nilimfuata siku tatu, wao nyuma yangu. Siku ya pili alichomwa na mwiba, na unyayo wa kushoto ukaanza kukanyaga kwa ubavu. Nilimfuata kwa namna ile ile niliyokuandikia. Hakugeuka hata mara moja. Karibu na Buna wakaniambia nirudi, kazi yangu imekwisha. Gari likaenda mbele. Walichomfanya sikijui. Ninachojua ni kwamba nyayo zake hazikurudi.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilidhani umekwisha kujua, na kwamba sasa wewe ndiye unayenifuata. Miaka sita namshuku kila mtu, hata mamako akininyamazia kidogo tu. Yeye hajui. Ukitaka kumwambia, mwambie. Mimi nimeshindwa.

Kerrow, ndugu wa mamako


Garissa
12 Januari 1997

Ugbad,

Assalamu alaykum na Ramadhani njema. Tumeanza kufunga, na goti limetulia kidogo.

Mwezi wa Novemba Mursal aliniletea bahasha yenye mwandiko wako. Nikaifungua mbele yake, nikaikung'uta, nikamuuliza barua ameipeleka wapi. Ndani mlikuwa na disketi tu. Maskini aliapa tena, na safari hii nilimwamini.

Niliipeleka kwa Hamda, binti anayechapa barua katika ofisi moja ya misaada hapa mjini. Nilimwambia ni kazi ya chuo, nikamwomba asimwite mtu. Mchungaji akatokea Tarbaj, akaanza kutembea, miguu mizima. Nchi ikampita taratibu, na nikaijua namna ile ya kufuata, maana ni yangu. Penye miiba mguu wa kushoto ukaanza kuburuta.

Kisha akasimama. Akageuka. Uso hauna macho, abti, ni vidoti vichache tu, lakini mimi niliinamisha kichwa. Nilipokiinua alikuwa ameanza kwenda tena, na kamera haikumfuata. Alikwenda peke yake hadi ukingoni mwa kioo, akatoka, ikabaki nchi tupu. Hamda alibonyeza vitufe, akasema, "Mzee, mashine imekwama." Nikamwambia haijakwama, aiache hivyo hivyo.

Tulikaa pale hadi akahitaji kufunga ofisi. Hakuna aliyerudi.

Nimekwenda kwenye basi kila Jumatatu na kila Alhamisi tangu siku hiyo. Mursal akiniona anatikisa kichwa kabla hajashuka. Sikuulizi kama umenisamehe, swali hilo sina uso wa kulileta. Nijibu hili moja tu, hata kwa neno moja. Yule aliyetoka pale ukingoni ni Rage, au ni wewe?

Kerrow